Mwizi wa Kitanda

Neno la kwanza aliloniambia bibi lilikuwa "mwizi."

Nilikuwa nimesimama uani, Chanzuru, nje kidogo ya mji wa Kilosa, vumbi la safari limenikaa hadi kwenye nyusi. Nilitoka Kenya siku tatu nyuma: basi hadi Moshi, treni hadi pwani, kisha treni nyingine ya kupanda bara. Baba mwenye nyumba alinipokea stesheni, akafunga sanduku langu la bati nyuma ya baiskeli yake, tukaja tunatembea, yeye upande huu wa baiskeli na mimi upande ule, kama watu wanaosindikiza mgonjwa. Mama mwenye nyumba alinikumbatia kabla sijamaliza kusalimia. Kisha mlangoni akatokea kikongwe mmoja mfupi aliyejifunga kanga mbili. Akanitazama kuanzia kichwani kwenda chini, alipofika miguuni akakaa hapo.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Ndiye huyu mwizi? Ndiye aliyekuja kumwibia mjukuu wangu kitanda? Na miguu yenyewe kama michi. Kitanda kitavunjika."

Watu wote uani walicheka. Mimi nililia.

Sina budi kueleza kitanda hicho kilikuwa cha nani. Siku zile mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa bado haujafungwa, na vyuo viwili vidogo vya wasichana, kimoja kwetu na kimoja Kilosa, vilikubaliana kubadilishana mwanafunzi mmoja mmoja kwa muhula mmoja. Masomo yalikuwa yale yale: kushona, bustani, malezi ya watoto. Mimi nilikuwa na elimu ya darasa la saba na cherehani, lakini nilikuwa na kichwa cha ndoto nyingi. Mwalimu alipouliza nani anataka kwenda Tanzania, mkono wangu ulinyanyuka kabla sijaufikiria. Mpango ulikuwa mwepesi. Binti wa nyumba ile ya Chanzuru angekwenda kulala kitandani kwangu, na mimi ningelala kitandani kwake. Tulipishana njiani bila kuonana.

Kwa hiyo bibi aliposema mwizi, mimi niliamini ni kweli amekasirika. Mama alinionyesha chumba, akanitandikia shuka jeupe lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa. Nilimshukuru. Alipotoka nikatandika mkeka sakafuni, nikalala chini. Nilifanya hivyo siku nane. Asubuhi nilimsalimia bibi kwa magoti, yeye akaitika, akanitupia jingine: nakula kama ninayekimbizwa, nywele zangu zimekaa kama kiota cha mbayuwayu. Mimi nikainamisha kichwa na kusema, "Samahani, bibi." Kila nilipoomba samahani, uso wake ulishuka kidogo. Mimi nikadhani hasira zinazidi.

Pale nyumbani ndipo nilipopata shida. Huko nje kote nilikuwa kama mtu aliyefunguliwa macho. Mimi nilizaliwa kwenye kambi ya wachumaji chai, nyumba zimepangwa mistari, kila mtu ana namba yake ya kazi, na mzazi akizeeka anaondoka kambini kurudi alikotoka. Sikuwahi kuishi na mzee. Kiswahili chetu kilikuwa cha kuamrishana, kwa sababu ndicho tulichokisikia kwa wanyapara. Siku ya kwanza niliingia duka la ushirika nikasema, "Nipe chumvi." Muuzaji akaweka kalamu chini, akaniuliza kwa upole, "Dada, kwani kuna moto?" Nilitoka mle nimejifunza kusema naomba, na hadi leo nalisema hata nikiwa na haraka.

Chuoni, somo la afya lilinishangaza kuliko yote. Mwalimu alichora mwili wa mtu ubaoni akaandika kila kitu kwa Kiswahili: mapafu, ini, figo, kongosho, wengu. Nilikaa nimeduwaa. Kwetu vitu vya ndani ya mwili vilikuwa vya Kiingereza, na mtu asiyejua Kiingereza alikuwa kama hana. Siku ile nilitembea kutoka chuoni hadi Chanzuru nikijishika ubavu na kujiambia, kumbe hapa nina wengu.

Na kengele. Kengele ya kijiji ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Ikigongwa, watu wanatoka na majembe kwenda shamba la pamoja, mwalimu, fundi, mke wa mwenyekiti, wote. Niliwaona wakimjengea mjane mmoja nyumba kwa siku tano, huku wakibishana na kutaniana, na siku ya sita yule mjane akawa anafagia mlangoni kwake kana kwamba amekuwa hapo miaka yote. Wapo walionung'unika, sitasema hapana. Lakini mimi niliyelelewa kwa namba nilisimama kwenye ule uwanja nikitazama hadi mwisho. Nilimwandikia mama yangu kwamba huku watu wanaitana ndugu hata wakiwa wamenuniana.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyegundua mkeka. Aliona shuka halina hata mkunjo. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akapigapiga godoro la sufi ili niketi naye.

"Mwanangu, kwa nini unalala chini?"

"Bibi hapendi nilale hapa. Ameniita mwizi."

Mama alifunika mdomo kwa upande wa kanga. Mabega yakamcheza. Alipoweza kusema, alisema, "Kwenu hamtaniani na bibi zenu?"

"Sijawahi kuwa na bibi."

Hapo akaacha kucheka. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto njia ya kisimani. Mjukuu na bibi yake ni watani. Bibi humwita mjukuu mke mwenzie, kwa sababu mjukuu ni mchumba wa babu, hata babu akiwa kaburini. Wanatukanana mchana kutwa, na hakuna mtu mwingine duniani mwenye ruhusa hiyo. "Mimi nikimwambia mama mkwe neno moja la vile, nitafukuzwa. Wewe unaruhusiwa yote. Binti yangu aliondoka, nyumba ikanyamaza. Sasa bibi anakurushia mpira, na wewe unauacha unaanguka. Juzi kaniambia, 'Mmeniletea mgeni, si mjukuu.' Hakutukani, mwanangu. Anakuita."

Nilikaa na maneno hayo siku mbili nzima. Si jambo jepesi kumtukana mzee wa watu kwa mara ya kwanza. Nilimchunguza bibi ili nipate pa kuanzia, na katika kuchunguza nikaanza kumpenda. Alikuwa na kopo dogo la ugoro kwenye fundo la kanga. Akivuta alipiga chafya tatu, kila mara tatu, kisha akauliza hewa, "Nani ananisema?" Mjumbe wetu wa nyumba kumi, mzee mwenye tumbo la heshima, alikuwa na kawaida ya kupita kukagua usafi saa ile ile ugali unapoepuliwa. Bibi alimkaribisha kwa swali lile lile siku zote: "Umekula, au umekuja kunusa?" Mjumbe akajibu, "Nimekuja kazini, mama," na kunawa mikono.

Lakini kubwa ilikuwa mwendo wake. Bibi hakuweza kutoka nyumbani mara moja. Alikuwa anatoka mlangoni, anakwenda hatua tatu, anasimama, anageuka, anarudi, anashika mwimo wa mlango kwa kiganja, anachungulia ndani. "Nimesahau nini mimi?" Hakuwa amesahau kitu. Anakemea kuku wake, halafu ndipo anaondoka kweli.

Asubuhi ya Jumapili, watu wamejikusanya uani kwenda kanisani, bibi akatoka. Hatua tatu, akarudi, akashika mwimo.

"Nimesahau nini mimi?"

Moyo wangu ulikuwa unapiga kama kile kipande cha reli. Nikasema kwa sauti, "Bibi, wewe mbinguni utafika kweli? Si utafika hatua tatu urudi kuangalia kuku?"

Nikaona mjumbe ameacha mdomo wazi. Nikatamani ardhi inimeze, kwa maana nilikuwa nimetaja kifo cha mzee mbele ya watu, tena mimi mgeni. Bibi alinitazama. Kisha kicheko kikamtoka kama maji yanayotoboa tuta, kikongwe kizima kimejikunja, ameshika mwimo asianguke.

"Mmesikia? Mmemsikia huyu mke mwenzangu? Eti sitafika mbinguni."

Njia nzima ya kanisani alisimamisha watu kuwapa habari hiyo. "Mjukuu wangu kasema sitafika." Alisema mjukuu wangu, hakusema mgeni. Usiku ule nililala kitandani.

Tangu hapo nyumba haikunyamaza tena. Nilimwandikia barua zake kwa yule mjukuu aliye Kenya, kwa kuwa bibi mwenyewe alikuwa amejiandikisha kisomo cha watu wazima na alikuwa bado anapigana na herufi za mwanzo. "Mwandikie kwamba mwizi wa kitanda chake hajambo, anakula, anakoroma." Mimi nikaandika, kisha chini nikaongeza langu: bibi yako ananisingizia. Majibu yalikuja kwa mwandiko wa mviringo, yakiwa na matusi ya kutosha pande zote. Ndivyo nilivyoanza kumfahamu mtu niliyepishana naye, kwa matusi.

Katikati ya muhula chuo kilitupeleka Mikumi kuona wanyama. Lilikuwa lori la wazi, tumebanana na sufuria za wali. Bibi alisikia, akajitokeza barabarani na kanga mpya. Mwalimu akamwambia kwa heshima zote kwamba ni safari ya wanafunzi.

"Na mimi ni mwanafunzi, nasoma kisomo," akasema bibi. "Halafu huko ndiko nilikozaliwa. Kuna tembo walikula mahindi ya baba yangu. Nataka nikawaone kama wamenenepa."

Alipandishwa.

Tulipita mashamba ya katani, tukashika njia ya kusini, milima imekaa upande mmoja kama ng'ombe waliolala. Nilikuwa nimewaza tembo kwa ukubwa wa picha ya kwenye kitabu. Kisha lori likapunguza mwendo, dereva akazima injini, na pale pale kwenye nyasi, karibu kiasi cha kutupa jiwe, walikuwepo. Kilichonishika hakikuwa ukubwa wao. Kilikuwa ukimya. Miili ile yote, na miguu ilikuwa inatua kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Nilisikia majani yakikatwa, nilisikia matumbo yao yakinguruma kwa mbali, hatua sikusikia hata moja. Wasichana ishirini waliokuwa wakiimba tangu Kilosa walikuwa wameshikana mikono, hakuna anayepumua kwa nguvu. Nikawaza kwamba dunia ina mambo haya kila siku, hata siku ambazo mimi nilikuwa nachuma chai na kuhesabiwa kwa namba, tembo walikuwa hapa wanatembea hivi. Machozi yalinitoka na sikujua ni ya nini.

Bibi peke yake ndiye aliyesema. Alimsemesha tembo mmoja jike, mzee, masikio yamechanika pindoni.

"Umezeeka, mwizi," akamwambia. "Na mimi nimezeeka. Tumesameheana."

Yule tembo alianza kuondoka. Akaenda kidogo, akasimama, akageuka, akarudi kumgusa kwa mkonga mtoto aliyebaki nyuma. Kisha akaondoka tena.

"Bibi," nikamnong'oneza, "yule ndugu yako. Mwendo wenu ni mmoja."

Nilitegemea anirudishie tusi. Hakunirudishia. Aliwatazama hadi nyasi zilipowafunika.

"Nilizaa watoto watano," akasema. "Nilikuwa nakata katani Rudewa. Tunaingia shamba kabla ya jua, nawaacha wamelala. Nikifika njiani roho inanirudisha. Narudi, nashika mlango, nasikiliza kama wanapumua. Kuna siku nilirudi, wawili hawapumui. Homa ilikuwa imepita kambini. Halafu mwingine, halafu mwingine. Amebaki huyo baba yako mwenye baiskeli. Miguu imezoea, bado inarudi."

Mimi nilikuwa nimeufanya mwendo ule mzaha mbele ya watu wote. Nikaanza, "Bibi, nisamehe, sikujua..."

"Usianze samahani zako tena. Ulifanya vizuri. Watu walikuwa wananionea huruma miaka yote hiyo, wanageuza macho. Wewe ulicheka. Nikaona kumbe kinachekesha." Akafungua fundo, akavuta ugoro, akapiga chafya tatu. Safari hii hakuuliza nani anamsema. Akanishika kifundo cha mkono. "Sikiliza. Kwetu mzee akifa, mjukuu aliyelala naye nyumba moja anavaa nguo zake, anamwiga mbele ya watu, watu wanacheka. Ndiyo tunajua ameondoka mtu mwenye watu wake. Mimi mjukuu wa kuzaliwa na mwanangu ni mmoja, na mmempeleka Kenya. Siku yangu ikinikuta hajarudi, vaa wewe. Nisiondoke kimya kimya kama mtu asiye na mjukuu."

"Hufi, bibi. Kuku watakulea."

"Ahidi."

Nikaahidi, kwa sababu ilikuwa mchana wa jua na tembo walikuwa wamepita na nilidhani ni maneno tu.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu nirudi nyumbani. Nilikuwa natoka chuoni, nimefika kwenye mikorosho ya mwanzo wa kijiji, nikasikia reli inagongwa saa ambayo si ya shamba. Inagongwa moja moja, kwa nafasi. Nilianza kukimbia, sijui kwa nini nilijua. Alikuwa amekaa mlangoni anapukuchua mahindi baada ya chakula cha mchana, mama akaingia ndani kuchukua ungo, alipotoka bibi ameegemea mwimo. Gunzi lilikuwa bado mkononi.

Baba alipanda baiskeli hadi posta ya Kilosa kupeleka simu ya maandishi Kenya. Alirudi akasema amepeleka, na sote tulijua hesabu ya safari: siku tatu, kama angepata basi siku ile ile. Maziko yalikuwa kesho.

Kesho yake uwanja ulijaa. Wajukuu wa ukoo walikuwepo, watoto wa binamu za baba, walijua kazi yao, wakaziba njia ya makaburini wakidai bibi hapiti mpaka awalipe ngoma aliyowaahidi. Watu walitabasamu kidogo. Lakini nguo za bibi zilikuwa zimekunjwa juu ya kigoda mlangoni, kopo la ugoro juu yake, na hakuna aliyezigusa. Kila mtu alikuwa anazitazama na kugeuza macho. Nikakumbuka maneno yake: wanageuza macho.

Nilimfuata mama, nikamwambia ahadi ya Mikumi. Mama akamwambia baba. Baba akaliweka mbele ya wazee. Mjumbe wa nyumba kumi ndiye aliyekataa, na hakukataa kwa ubaya.

"Huyu binti ni mzuri," akasema. "Lakini ni mgeni. Wiki tatu hizi ataondoka na hatutamwona tena. Mwenye haki ni yule aliye safarini. Akirudi akute nguo za bibi yake amevalishwa mtu wa Kenya, tutamwambia nini? Bora zikae kwenye kigoda."

Nilisikia ukweli wa maneno yale ukinichoma. Nilikuwa nimelala kitanda chake, nimekula sahani yake, nimepewa matusi yake. Na sasa nataka kumchukulia na hili. Nikataka kusema basi, ziacheni.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema, "Binti yangu saa hizi amelala kitanda cha huyu, anamwita mama yake mama. Kama huyu ni mgeni hapa, basi na binti yangu ni mgeni kule, na nimemtuma kwa watu wasio wake. Mimi sikumtuma hivyo." Kisha akanitazama. "Bibi yako alikuomba wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Utaweza?"

"Nitalia."

"Lia," akasema. "Lakini tuchekeshe."

Niliingia ndani nikafunga kanga zake mbili. Zilikuwa na harufu ya moshi na ugoro. Nikatokea mlangoni, nikainamisha mgongo alivyouinamisha yeye, nikatoka. Hatua moja, ya pili, ya tatu. Nikasimama. Nikageuka, nikarudi, nikashika mwimo pale pale alipouegemea jana.

"Nimesahau nini mimi?"

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja nyuma alianza kulia kwa sauti, na mwingine akamfuata. Nimeharibu, nikawaza. Nimewapa kilio juu ya kilio. Nikatafuta uso wowote wa kushika, nikamwona mjumbe mbele kabisa, karibu na wanawake wanaopika, mikono nyuma, tumbo mbele, amesimama upande unakoelekea harufu ya sufuria. Nikamwendea kwa mwendo wa bibi, nikasimama chini ya kidevu chake, nikamtazama tumbo.

"Na wewe," nikasema. "Umekula, au umekuja kunusa?"

Mzee yule alijaribu. Niliona anavyobana midomo, mashavu yamejaa. Kisha kikamshinda. Alicheka hadi akainama, machozi yanamtiririka kwenye mikunjo, na katikati ya kicheko akajibu, si jibu lake la siku zote.

"Nimekuja kunusa, mama. Miaka yote nilikuwa nakuja kunusa."

Uwanja mzima ulipasuka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile wala sijakisikia tena, watu mamia wanacheka na kulia kwa pumzi moja. Nikakemea kuku. Nikawaambia wajukuu wa ukoo miguu yao ni michi. Nikafungua kopo nikavuta ugoro wa kweli, nikapiga chafya tatu za kweli, na machozi yakanitoka, na hakuna aliyeweza kujua yapi ni ya ugoro. "Nani ananisema?" nikauliza, na uwanja wote ukajibu, "Sisi." Jeneza liliponyanyuliwa watu walikuwa bado wanajifuta macho na kurudiana: umekula, au umekuja kunusa. Alikwenda hivyo, na sauti za watu wake nyuma yake.

Wiki tatu zilizobaki nilizimaliza nikiwa na hofu moja. Kutoka Kenya ilikuja simu fupi kwamba binti atarudi kwa tarehe iliyopangwa, hakuna zaidi. Maneno ya mjumbe hayakuniacha. Kitanda nitakirudisha kama nilivyokikuta. Lakini ile siku ya mwisho ya bibi yake ningeirudishaje? Hicho ndicho nilichokuwa nimemwibia kweli.

Treni yake na treni yangu zilikuwa za kupishana Kilosa. Zote mbili zilichelewa, zikaingia kukiwa kumepambazuka, milima imeanza kuonekana. Alishuka msichana mmoja mrefu amevaa sweta ya kijani. Niliifahamu, niliifuma mwenyewe, niliiacha kwenye kigingi nyumbani. Naye alitazama miguu yangu, akaona ndala zake. Alimsalimia baba, akamkumbatia mama muda mrefu. Kisha akaja akasimama mbele yangu. Macho yalikuwa mekundu.

"Ndiye wewe mwizi?" akasema.

"Ndiyo mimi."

"Barua ya baba ilisema ulivaa nguo zake."

"Nilivaa. Nisamehe. Ilikuwa haki yako, nami nika..."

"Walicheka?"

"Walicheka. Mjumbe alikaribia kuanguka."

Nikatoa kopo la ugoro mfukoni, nikamwekea kiganjani. Akalifunga ndani ya vidole.

"Sikuwepo," akasema. "Nionyeshe."

Treni ya kwenda pwani ilikuwa tayari inapiga honi, mkuu wa stesheni ameshika bendera mkononi. Watu wa stesheni walikuwa wanapita na vikapu vya machungwa. Niliinamisha mgongo. Nikaondoka pale aliposimama kuelekea behewa langu, hatua moja, ya pili, ya tatu. Nikasimama, nikageuka, nikarudi. Kwa kuwa hapakuwa na mwimo wa mlango, niliweka kiganja changu begani mwake.

"Nimesahau nini mimi?"

Kicheko kilichomtoka nilikifahamu. Kilianza chini, kikatoboa tuta, akajikunja na kunishika mkono asianguke, na alipoinua uso ulikuwa umeloa wote.

"Hujasahau kitu, mke mwenzangu," akasema. "Panda treni. Na miguu yako kweli ni michi."